Machujio Meupe ya Asubuhi

1

Ndege hainywi mafuta katika Uwanja wa Busekela mpaka mimi niyaone. Nafungua bomba la boza, nachota chupa moja ya kioo, nainyanyua kwenye mwanga na kuizungusha mpaka katikati pafanyike kisima kidogo. Kama kuna maji, tone lake litaonekana likicheza chini ya kisima hicho. Kama hakuna, napitisha mafuta kwenye chujio, kiduara cheupe cha karatasi kisichozidi mdomo wa kikombe cha kahawa, halafu natazama limebaki na rangi gani. Jeupe ni safi. Lenye rangi lina jambo: rangi hafifu naiandika kwenye fomu, rangi nzito ndege haiondoki. Nikiridhika natia sahihi.

Viwanja vingine kazi hii inafanywa na mashine. Kwetu sheria iliacha jicho la mtu baada ya ile ajali ambayo mashine ilisema kila kitu ni kizuri, na mimi ndilo jicho lenyewe kwa miaka thelathini na moja sasa.

Chujio likishasomwa linatakiwa kutupwa. Mimi silitupi. Marehemu Mzee Kwilasa, aliyenifundisha kazi nikiwa na mimba ya kwanza na kila siku akinibakizia kipande cha kiazi kitamu kwenye mfuniko wa chupa yake ya chai, alikuwa akiyabandika machujio yake kwenye daftari kwa uji mzito wa muhogo. Chini ya kila moja aliandika tarehe, saa na neno lake. "Minza," aliniambia, "leo ukiulizwa juu ya juzi, utajibu nini?" Nikaiga. Nina madaftari arobaini na mawili nyumbani, yamepangwa juu ya kabati la vyombo, na mjukuu wangu Limi huyaita vitabu vya chapati.

Limi ana miaka tisa. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi mgodini na huja mwisho wa mwezi. Tunaishi Uzioni, mtaa uliobanwa kati ya uzio wa uwanja na mlima wa mawe. Ndege hurukia upande upepo unakotoka. Mchana upepo hutoka ziwani, basi ndege huruka kuelekea ziwani, juu ya mahoteli na ofisi. Alfajiri na asubuhi upepo hutoka nchi kavu, nazo hupita juu yetu, chini chini, wakati watoto wamepanga mstari shuleni.

Zamani masizi yalituua polepole. Sufuria ukiianika nje, ukiigeuza ina vumbi jeusi ndani. Kisha kikaja Kisafi. Ni dawa ya mafuta. Mafuta ya ndege yanaungua kwa pupa, na pale katikati ya moto hewa haitoshi, ndipo masizi yanapozaliwa. Chembe za Kisafi ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, na kila chembe inabeba hewa yake yenyewe mpaka katikati, inaigawa, masizi yanaungua kabla hayajatoka. Ndege ya kwanza iliyokunywa Kisafi ilipopita juu ya Uzioni, watu walitoka nje kuangalia mkia wake. Hapakuwa na kitu. Jirani yangu alilia, akaanika shuka nyeupe siku hiyo hiyo.

Serikali ikasimamisha nguzo za pumzi kando ya ziwa, nguzo ndefu zenye taa juu. Hewa ikiwa safi zinawaka kijani. Ikiwa na masizi zinawaka nyekundu, na nyekundu tatu kwa mwezi uwanja unafungwa. Za kwetu Uzioni tuliambiwa zinakuja.

Miaka miwili tulipumua. Halafu mwaka jana, baada ya masika, Limi akaanza tena kukohoa. Daktari akasema ni kifua chake tu. Nikamsugua mafuta ya mwarobaini, nikaamini ni kifua chake tu.

2

Jumatano jioni, maharage yakiwa jikoni, Limi alinipa kijitabu chake cha shule nitie sahihi ya mlezi. Shule zote zilizo karibu na viwanja zina kipulizo, bomba ambalo mtoto hupuliza kila asubuhi saa tatu likaonyesha namba ya pumzi yake. Mwalimu Holo huandika namba za mwezi mzima. Mwalimu huyo, Mungu amtunze, huwa anachora ua dogo pembeni ya kila namba nzuri ili watoto wasiogope kupuliza.

Mwezi ule ulikuwa na maua manne tu. Siku nyingine zote Limi alipuliza mia moja na sitini, mia moja na sabini. Siku nne alipuliza mia mbili na thelathini.

"Hizi siku nne ulikula nini, mjukuu wangu?"

"Uji ule ule, Bibi."

"Ulilala vizuri?"

"Bibi, hizo ni siku za kinyume." Alisema kama mtu anayemweleza mtoto. "Zile asubuhi upepo ulitoka ziwani, ndege zikaenda kule. Darasa zima tulipata maua. Hata Shija, na Shija hajawahi kupata ua."

Nilicheka kidogo. Kisha nikaacha kucheka, maana ndege zenye Kisafi hazina moshi, ziende huku ziende kule. Mtoto hapaswi kujua kwa kifua chake ndege zimepita wapi.

Nikateremsha daftari lenye mwezi ule, lililoanza mwaka jana. Niliitafuta kila moja ya zile asubuhi nne kwa kidole. Machujio ya asubuhi nyingine zote yalikuwa meupe kama wali. Yale manne yalikuwa na rangi, rangi hafifu ya majani ya chai yaliyochemshwa mara ya pili. Na chini ya kila moja, kwa mwandiko wangu, niliandika: Lina rangi. Mabomba yaoshwe.

Nikafunua zaidi. Alasiri, ndege zikielekea ziwani: chai. Asubuhi, zikielekea kwetu: nyeupe. Siku moja ya Januari upepo wa nchi kavu ulikataa kutulia mpaka saa tisa mchana, na machujio yote mpaka saa hiyo yalikuwa meupe. Nilikumbuka vizuri siku ile. Nilikuwa nimemsifu kila mtu.

Mtu ambaye hakukulia kwenye mafuta atauliza, ulikuwa kipofu? Sikuwa kipofu, nilikuwa fundi. Sisi tunajua kwamba mafuta yakilala usiku kucha tangini, uchafu hutuama chini, na ya asubuhi hutoka meupe kuliko ya mchana. Ndivyo nilivyofundishwa. Ndivyo ilivyo kweli. Na kwenye semina ya Kisafi tuliambiwa kwamba dawa hiyo haina rangi; nayo, kabla ya pampu ya mwaka jana, tulikuwa tukiitia bozani baada ya chujio kusomwa. Kwa hiyo kwa miezi kumi na moja, kila nilipoona Kisafi kwenye chujio niliandika kwamba ni uchafu. Kila kilipokosekana, Limi akikohoa darasani mita mia nane kutoka niliposimama, niliandika: Nyeupe. Nzuri sana.

"Bibi, maharage yanaungua," alisema Limi.

Yaliungua kweli. Tulikula hivyo hivyo, na mtoto hakulalamika. Alisema anapenda yale ya chini.

3

Injinia Kemilembe, msimamizi wa ghala la mafuta, ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtaratibu, asiyepandisha sauti. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ofisini kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Goti linaendeleaje?" Akatoka nyuma ya meza, akanivutia kiti chake mwenyewe, chenye mto. Huwa anafanya hivyo siku zote. Nasema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu lilinifanya nichelewe kukasirika.

Niliweka daftari langu na kijitabu cha Limi mezani, ubavu kwa ubavu. Sikueleza. Alisoma mwenyewe, akafunua kurasa, akafunua tena.

"Hizi karatasi za machujio zilitakiwa kutupwa," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Na Kisafi kilitakiwa kuwekwa."

Akasimama, akafunga mlango. Aliporudi hakukaa.

"Kinachotufikia ni nusu ya tunachohitaji, Bibi. Tangu mwaka jana. Nimeandika barua mpaka nimechoka. Kila ndege nikiipa nusu kipimo, nusu haifanyi kitu, moshi unatoka kote, nguzo zinawaka nyekundu, uwanja unafungwa. Ukifungwa, ndege ya hospitali nayo imefungwa. Na watu mia nne hapa hawana kazi, na wengi wao wanatoka Uzioni kwenu. Ningefanyaje? Pampu hii mpya inasoma upepo. Ndege ikielekea ziwani, inatia. Ikielekea kule, inajifunga. Nimekiweka kinapopimwa."

"Kinapopimwa."

"Sheria inapima kwenye nguzo."

"Na watoto wanapumua wapi?"

Alivuta mtoto wa meza, akatoa rundo la fomu, akaliweka mbele yangu taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni sahani. Zilikuwa fomu zangu.

"Kila alasiri umeandika mafuta yana rangi. Kila asubuhi umeandika nyeupe, nzuri sana. Sahihi yako, Bibi, miezi kumi na moja. Mimi nakuheshimu. Lakini mkaguzi akija akaziona hizi, atasema mpimaji mwenyewe ndiye aliyekuwa akiomba Kisafi kipunguzwe."

"Wewe uliijua ile rangi ni nini?"

"Nilijua."

"Semina ilisema hakina rangi."

"Kwenye chupa hakina. Kwenye chujio kinaacha alama."

"Na mimi nilipoandika mabomba yaoshwe, ulimwingiza dereva Ngolo ndani ya tangi la boza lake. Mara tatu. Alitoka macho mekundu, hakuweza kula siku nzima. Alikuwa anasugua nini, Injinia? Ulimtuma asugue nini, wakati ulijua hakuna kitu?"

Akatazama dirishani. "Nisingemtuma, ungeuliza," alisema.

Nimeishi na watu wakali na watu walevi, na mume wangu wa kwanza alikuwa vyote viwili. Sijawahi kusikia neno baya kama lile, na lilisemwa kwa upole, na mwanamke aliyenipa kiti chake. Niliinuka. Sikutaka tena mto ule chini yangu.

Redio ya mezani ikaita. Ndege ya hospitali inaomba mafuta. Kuna mtoto wa siku nne, moyo wake una tundu, daktari wa upasuaji ameshaandaa chumba katika mji mkuu. Waruke ndani ya saa moja.

"Upepo?" aliuliza Kemilembe.

"Wa nchi kavu," ilijibu redio. "Ruka juu ya Uzioni."

Akanigeukia. Machoni alikuwa na machozi, na naamini yalikuwa ya kweli.

"Tia sahihi, Bibi. Hii moja tu. Ni ya mtoto."

"Na zile ndege tisa za asubuhi hii zilizo nyuma yake?"

"Tutazungumza."

"Sasa hivi unamkumbuka mtoto," nilisema.

4

Nje jua lilikuwa linatoka. Maboza yalikuwa yamejipanga, na la kwanza lilikuwa la Ngolo. Ngolo ana miaka hamsini na mbili, mrefu, mwenye mdomo. Ndiye aliyenibatiza jina la Bibi Sabuni. Nimemwandikia makosa ya uchafu mara nyingi kuliko dereva yeyote, na bado, kila asubuhi, yeye peke yake huegesha boza bomba likiangalia jua, ili nisilizunguke kwa goti langu. Hajawahi kulisema. Nami sijawahi kumshukuru.

Nikachota, nikazungusha, nikachuja. Chujio likatoka jeupe. Jeupe, zuri, bila doa. Nililishika kwa kibano kama mtu aliyeshika mdudu.

Ndege ndogo ilikuwa mita hamsini hivi. Kwenye ngazi yake alikaa mama mmoja kijana mwenye khanga kichwani, amekumbatia sanduku la kioo lenye mtoto wake ndani. Muuguzi alikuwa ameinama anamfunga kamba za viatu, kwa kuwa mama mwenyewe mikono ilikuwa imejaa. Mama yule alinitazama. Nadhani aliambiwa kwamba wanamsubiri bibi yule mwenye chupa.

Nilifungua kalamu. Nasema ukweli, niliifungua. Ndege moja ndogo, moshi wa dakika mbili, na mtoto anapona. Nani angenilaumu? Lakini ndivyo ilivyoanza na Kemilembe pia. Naye alianza na sababu nzuri, na ile sababu ilikuwa ndege hii hii. Kwa miezi kumi na moja walikuwa wamemsimamisha mtoto mgonjwa mlangoni ili nyuma yake zipite ndege za watalii. Na saa tatu Limi angesimama kwenye mstari akapuliza.

Mtoto mmoja mikononi mwa mama yake. Watoto mia sita na arobaini shuleni. Hasira ilinipanda, si kwa hesabu, bali kwa yule aliyeniwekea hesabu hiyo asubuhi, ilhali mapipa ya dawa yako ghalani nyuma ya mgongo wangu.

Mapipa yako ghalani.

"Ngolo," niliita. "Kabla ya pampu hii kuletwa, Kisafi tulikuwa tunakitia vipi?"

"Kwa mkono, mayu." Sisi Wasukuma mama tunamwita mayu, na Ngolo huniita hivyo akiwa hana utani. "Kwa kopo. Kopo moja kwa lita elfu."

"Ukurasa wa arobaini wa kitabu cha kazi. Umefutwa?"

Akakuna kidevu. "Sijaona uliofutwa. Pampu ikishindwa, kitachanganywa kwa mkono mbele ya mpimaji na dereva wa boza, na wote wawili watatia sahihi."

"Pampu imeshindwa."

"Pampu haijambo, nimepita pale sasa hivi. Inanguruma kama paka."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa maneno machache kwa sababu ya yule mama kwenye ngazi. Nilimwonyesha daftari. Na nilipofika kwenye tangi, kwenye zile mara tatu, nililifunga daftari.

"Ngolo, baba, hapakuwa na uchafu. Mabomba yako yalikuwa safi. Mimi ndiye niliyekuandikia, na nilikosea. Nisamehe."

Niliona taya lake likitembea.

"Mara ya tatu," alisema, "nilipotoka mle ndani sikumtambua mke wangu mpaka aliposema. Nilikuwa nimesugua mpaka kucha zikatoka damu. Nikasema, safari hii Bibi Sabuni ataridhika." Akacheka, lakini haikuwa furaha. "Na yule anayetupa shikamoo kila siku alijua?"

"Alijua."

"Nikitia sahihi ile, nyumba ya kampuni natoka kesho."

"Najua. Ukikataa sitakuandikia kosa. Sitakuandikia kosa tena maishani."

Aliupapasa mfuko, akatoa ufunguo wa ghala. "Shika kopo, mayu. Lakini ngazi ya boza napanda mimi. Ukidondoka na hilo goti watasema nimekuua kwa ajili ya yale mabomba."

Mafuta yalikuwa lita elfu mbili. Makopo mawili. Kisafi kikiwa peke yake kinafanana na maji ya mchele, na kinanuka kama chuma kilicholowa. Nilisoma kipimo kwa sauti, Ngolo akarudia kwa sauti, kama tulivyokuwa tukifanya zamani, akamimina. Kisha boza likawashwa lizungushe mafuta ndani yake, dakika ishirini. Kitabu kinasema ishirini. Nilitamani kiseme kumi.

Nikaenda kwa yule mama. Ilikuwa vigumu kuliko kwenda kwa Kemilembe.

"Mwanangu, nimekuchelewesha dakika ishirini. Nisikufiche. Mafuta yangeweza kuwa tayari sasa hivi, lakini moshi wake ungepita juu ya shule ya watoto. Nimeona niyasafishe kwanza."

Alinitazama kwa macho ya mtu aliyekesha siku nne. Nilitegemea anitukane. Nilistahili.

"Bibi," alisema, "na mwanangu?"

"Muuguzi anasema saa moja. Nimekula dakika ishirini za saa hiyo. Nimezihesabu."

Hakunisamehe, na sikumwomba. Alisogea kidogo kwenye ngazi, akaniachia nafasi ya kukaa. Nikakaa. Tulimtazama mtoto wake pamoja. Alikuwa na nywele nyingi, na midomo yake ilikuwa ya bluu pembeni.

5

Kemilembe alifika wakati boza limezimwa. Alikuwa amekimbia, na viatu alivishika mkononi.

"Ngolo, nani amekuruhusu kufungua ghala?"

"Ukurasa wa arobaini, Injinia," alisema Ngolo. "Shikamoo."

Kwa umri, haikuwa ya Ngolo kumwamkia yeye, na wote watatu tulijua. Uso ulimshuka Kemilembe.

Nikachota. Nikazungusha, hakuna maji. Nikachuja, na niliponyanyua kibano, chujio lilikuwa na rangi ya chai, hafifu, imeenea sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Nikatia sahihi. Ngolo akatia yake chini ya yangu, kwa herufi kubwa, asije mtu akasema haisomeki.

Ndege ndogo ikanywa. Ikaenda mwisho wa njia, ikageuka, ikaja kwa kishindo. Sote tuliinua vichwa. Ilipita juu ya uzio, juu ya mabati yetu, juu ya bendera ya shule, na nyuma ya mkia wake kulikuwa na anga tu. Kemilembe aliitazama mpaka ikapotea. Kisha akavaa viatu vyake, kimoja kimoja.

"Zimebaki tisa," alisema.

"Ndiyo."

"Utazitia sahihi?"

"Zikiwa na rangi."

"Bibi, ukizipa zote kipimo kamili, kila siku, Kisafi kitakwisha siku ya kumi. Ya kumi na moja hakuna kitakachoruka. Hata ile ya hospitali."

"Makopo mawili mawili ya hospitali tutayaweka pembeni leo, mimi na Ngolo, kwenye pipa lenye kufuli. Hayo hayaguswi. Nyingine zikisimama, zisimame. Zisimame za ziwani na za Uzioni pamoja. Siku hiyo watakuja wenye suti kuuliza kwa nini ndege hazina dawa. Mwaka mzima hakuna aliyeuliza, kwa sababu waliokuwa wanakohoa ni sisi."

"Na wataziona fomu zako."

"Nitawapa mwenyewe. Na daftari juu yake."

"Watasema kosa ni lako."

"Sehemu yake ni yangu. Nitalibeba hilo. Wewe beba la kwako, mwanangu; nimechoka kukubebea."

Alisimama pale muda mrefu, upepo wa nchi kavu ukimpeperusha nywele. Hakwenda kwenye pampu, wala hakwenda kwenye simu. Mwishowe akarudi kuelekea ofisini, akatembea kama mtu mwenye goti langu. Mlango ulibaki wazi.

Abiria walianza kujaa kwenye vioo vya jengo, wakitunyooshea vidole. Ngolo alileta kreti tupu, akalipangusa kwa kofia yake, akaliweka kwenye jua.

"Kaa, Bibi Sabuni. Au na kreti nalo lina rangi?"

"Lina rangi," nilisema. "Ndiyo maana nalikalia."

Nilifungua kikopo changu cha uji wa muhogo, nikalibandika chujio lile kwenye ukurasa mpya. Tarehe. Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Upepo wa nchi kavu. Waliochanganya: Minza, Ngolo. Pale ambapo kwa miezi kumi na moja niliandika mabomba yaoshwe, niliandika: Safi.

Kisha nikarudi nyuma, kwenye machujio meupe. Kazi yetu ina utaratibu wa kusahihisha kosa. Hulifuti, na hulichani. Unapiga mstari mmoja juu ya neno, ili atakayekuja asome ulichosema na ajue ulikosea, halafu pembeni unatia sahihi yako. Nikapiga mstari juu ya Nzuri sana ya kwanza, nikatia sahihi. Nikafunua ukurasa. Asubuhi zenyewe zilikuwa mia mbili sitini na moja. Sikuwa na haraka. Nyuma yangu ndege tisa zilikuwa zimesimama, na ng'ambo ya uzio ilikuwa inakaribia saa tatu, saa ya kupuliza.